Kinyonga Akiumwa Hapigi Kelele
Anayemfuga kinyonga wa pembe tatu, yule wa misitu ya Mlima Kenya na Mlima Meru ambaye leo hukaa vizimbani sebuleni huko Marekani na Ulaya, ajue kwamba mnyama huyu huficha ugonjwa mpaka azidiwe. Macho yakididimia, amepungukiwa maji, na bakuli la maji halimsaidii, maana yeye hunywa matone yaliyotulia juu ya majani. Mnyunyizie majani hayo kila siku. Akikosa jua, au taa maalumu yenye miale ya urujuanimno, mwili wake hautengenezi vitamini D ya kuitumia kalsiamu ipasavyo: mifupa hulainika, taya hulegea, miguu hupinda. Hapo kumlisha panzi wengi hakumponyi. Apelekwe kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, tena siku ile ile dalili inapoonekana, si baada ya kumngojea apate nafuu. Watoto wasiachiwe kumshikashika bila mtu mzima. Kushikwa kunamtia hofu, na reptilia hubeba salmonela, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni. Na ukimchoka, usimwachie vichakani. Hawaii ilipata vinyonga hawa mwaka 1972 kupitia biashara ya wanyama wa kufugwa. Wakaingia porini, wakazaana, na sasa wanakula konokono wa asili wasiopatikana kwingine duniani. Kama huna fedha ya taa na ya daktari, nakuomba usimnunue.