Lugha Kwanza, Safari Baadaye

Wako watu miongoni mwetu wadhanio kwamba safari ya Injili katika nchi ya mbali hutengenezwa kwa nyimbo, sare na nauli. Vijana kumi na wawili huitwa mbele ya kanisa, huombewa, hupigwa picha, na baada ya miezi mitatu wamo njiani kwenda kukaa miaka miwili kati ya watu ambao hawawezi hata kuwaamkia. Nasema bila kuficha, ewe msomaji, kikosi cha namna hiyo hakijajiandaa, hata kama mizigo yake yajaza gari zima.

Husemwa kwamba mwenye imani hahitaji matayarisho marefu, kwa kuwa Roho atampa maneno. Na hapo hutajwa siku ya Pentekoste. Basi isome tena habari ile. Wageni waliokusanyika Yerusalemu hawakuambiwa wajifunze kwanza lugha ya Mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao alikozaliwa. Ikiwa muujiza wenyewe uliiheshimu lugha ya msikilizaji, sisi tusio na muujiza twapata wapi ruhusa ya kuidharau?

Wengine hujibu kwamba mkalimani atatosha. Nani kati yetu hajamwona mhubiri mgeni akinena dakika tano, mkalimani akatoa maneno matatu, na watu wakacheka mahali asipotazamia? Kicheko hicho si kitu. Yako madhara makubwa kuliko hayo, na historia imeyaandika.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawaita vijana wa Uingereza waje Afrika. Mioyo ikawaka, na misheni ya vyuo vikuu ikaundwa. Charles Mackenzie aliwekwa kuwa askofu mjini Cape Town mwezi wa Januari 1861, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na wenzake Magomero, karibu na mto Shire, katika nchi iitwayo sasa Malawi. Hawakuwa wavivu wala waoga. Njiani walikuta msafara wa watumwa, wakafunguliwa waliofungwa, na sijui ni nani awezaye kuwalaumu kwa hilo. Lakini walizidi hapo. Wakiisikiliza habari ya upande mmoja kupitia vinywa vya wakalimani, walishika bunduki wakaingia katika vita vya Wamang'anja na Wayao, ugomvi ambao hawakuujua mzizi wake. Asiyejua lugha ya mahali hana njia ya kwenda kumwuliza jirani wa pili.

Januari 1862 Mackenzie na kasisi Henry Burrup waliteremka mtoni kwenda kumlaki Livingstone. Mtumbwi wao ukajaa maji, na dawa zao, kwinini ikiwamo, zikapotea. Wakangoja kisiwani penye mbu wengi, bila tiba. Mackenzie alifariki tarehe 31 Januari, na Burrup akamfuata baada ya wiki chache. Dawa zote katika chombo kimoja! Mto haulaumiwi, wala homa. Lakini mzigo wa dawa hugawanywa na watu walioketi pamoja mapema wakaulizana: tukikipoteza hiki, tutabaki na nini?

Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja, chini ya Askofu Tozer na mwenzake Edward Steere. Steere alijitia katika kujifunza Kiswahili kwa Waunguja wenyewe, akaandika hadithi walizomsimulia, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Kanisa lililojengwa Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, lasimama hata leo. Simtukuzi kwa kuwa alikuwa Mzungu, wala sisemi kwamba kila alichoamini kilitufaa. Nasema alikaa chini akafundishwa na wale aliokuja kuwafundisha, na hilo ndilo vijana wetu wakatazwalo na haraka ya wanaowatuma.

Muda wa kujifunza, wasema, haupo. Ajabu! Muda wa kushona sare upo, muda wa mazoezi ya kwaya upo, na mikutano ya kuchanga fedha haina idadi. Mtu aendaye kukaa miaka miwili ugenini hawezi kutoa miezi sita? Na miezi hiyo kikosi na kikae nyumba moja, wapike kwa zamu, wauguzane, waamue ni nani ashikaye mfuko na ni nani mwenye amri ya kumrudisha mwenzao nyumbani. Afadhali ugomvi wa chumvi uzuke hapa, penye wazee wa kuamua, kuliko uzuke huko mbele ya wenyeji.

Ninyi mlio shuleni mtaletewa kadi ya mchango kabla ya miaka mingi kupita, au ninyi wenyewe mtaipeleka kwa wengine. Mkiileta kwangu, nitauliza jambo moja kabla sijatia mkono mfukoni: mama mgonjwa wa huko, asiyejua neno la Kiingereza, mtamwuliza kwa maneno gani panapomwuma? Niambieni maneno hayo kwa lugha yake. Kalamu ninayo, na jina langu nitaliandika hapo hapo.