Karamu ya Sahani Kumi na Moja



Tangu Jumatatu ya wiki jana minong'ono imekuwa ikipita katika vyumba vya kubadilishia nguo na kwenye stendi za matatu, ati wakubwa wa tawi wamekula pesa za chama katika hoteli ya Kichina. Wengine wametaja hata jumla yake, na jumla waliyoitaja haiko mbali na kweli. Basi badala ya kuliacha jambo hili likue midomoni, twaona ni wajibu wa gazeti hili kulieleza lote, pamoja na sehemu ile isiyotupendeza sisi wenyewe.

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mwaijua sauti yake kabla ya kuuona uso wake, amestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi ya jikoni. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo alishika karai katika hoteli ya Kichina hapa Nairobi, ambayo sasa haipo, chini ya mpishi mkuu aliyetoka Guangdong, kusini mwa Uchina. Kwa muda wote huo hakuketi mezani pale hata siku moja. Kamati ilipomwuliza angependa kuagwa namna gani, alijibu kwa ufupi kwamba angependa kuketi, aletewe. Hakuna aliyeweza kubisha.

Watu saba wa kamati tulichanga shilingi 2,000 kila mwezi kwa miezi mitano, zikawa 70,000. Hizo zilikuwa pesa za mifuko yetu. Tukachagua hoteli moja ya fahari inayouza kile wanachokiita chakula cha kuonja, yaani mgeni hachagui kitu, bali huletewa sahani ndogo ndogo kumi na moja, moja baada ya nyingine, kwa shilingi 8,500 kila mtu. Sisi tulikuwa wanane, kwa hivyo 68,000. Tukasema 2,000 zitakazobaki zitatosha nauli ya usiku.

Tukumbushane kidogo kiasi hicho ni nini. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa Nairobi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila ya posho ya nyumba. Kiti kimoja katika meza ile kilimeza zaidi ya nusu yake.

Mlangoni tulipokelewa kwa heshima, na tulisema hayo kwa sababu wapo wanaokumbuka Machi 2015, ilipofungwa hoteli moja ya Kichina katika mji huu baada ya habari kuenea kwamba Waafrika walikuwa wakizuiwa kuingia kuanzia saa kumi na moja jioni. Hii siyo ile. Hapa hatukuzuiwa na mtu. Tulivutiwa viti, tukakunjuliwa vitambaa, na Mzee akaketi mahali pa mgeni wa heshima akiwa amevaa koti ambalo tangu harusi ya binti yake hatujaliona.

Kisha sahani zikaanza kuja.

Ya kwanza ilikuwa kijiko kimoja cha supu katika kikombe cha kijana wa doli. Ya pili ilikuwa kamba mmoja ndani ya ganda la unga lililopikwa kwa mvuke, na juu yake pamebandikwa kipande cha dhahabu halisi, chembamba kuliko karatasi ya sigara. Mzee aliuliza kama dhahabu ile ni ya kula au ya kurudisha. Tulicheka, na huo ndio uliokuwa wakati mzuri wa usiku ule. Ganda lenyewe lilikuwa limekauka pembeni. Kitu kile chataka kutoka kwenye mvuke hadi mdomoni bila ya kungoja, na hiki kilikuwa kimengoja.

Ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Kati ya moja na nyingine tuliketi nusu saa. Ilipofika nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na tangawizi, Mzee alitia kipande kinywani, akatafuna, akaweka vijiti chini. Alisema, "Hii imepita motoni, lakini haina moto." Wapishi wataelewa. Watu wa Guangdong wana neno kwa jambo hili, wok hei, yaani pumzi ya karai. Karai likiwa kavu na moto kabisa, chakula kikarushwa upesi kwa dakika chache tu, hupata harufu fulani ya moshi isiyopatikana kwa njia nyingine yo yote. Na harufu hiyo haikai. Ukiiweka kando, ukaanza kuigawa vipande vitatu vitatu katika sahani nane, ukavipanga kwa koleo dogo kama fundi wa saa, imekwenda zake.

Yafaa tuseme hapa kwamba kula namna hii si desturi ya Wachina tangu asili. Mtindo wa sahani ndogo za kuonja, kila mtu na yake, ulisifika sana kwa wapishi wa Ufaransa. Karamu ya Kichina nayo huja sahani baada ya sahani, nane au kumi au zaidi, lakini kila sahani ni ya meza nzima. Huwekwa katikati, watu wakachota, na mwenyeji humtilia mgeni kipande kizuri. Samaki huletwa mzima, kichwa kikielekezwa kwa mgeni wa heshima, na hupendwa katika karamu kwa kuwa katika lugha yao neno la samaki na neno la ziada hutamkwa sawa. Mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa habari ya samaki mzima mezani. Mzee aliletewa kipande cha upana wa vidole viwili, hakina kichwa wala mkia, na mchuzi umechorwa kando yake kama saini ya meneja wa benki.

Bata ndiye aliyetuvunja moyo kabisa. Mzee alikuwa ametuhadithia habari zake njia nzima. Bata wa namna ya Beijing hupulizwa hewa kati ya ngozi na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa maji matamu ya kimea, hutundikwa kwa saa nyingi hata ngozi ikauke, ndipo huchomwa. Nyumba ya Quanjude ya Beijing, iliyoanza mwaka 1864, ilijipatia jina kwa kuwachoma wakining'inia katika tanuri wazi kwa kuni za miti ya matunda. Ngozi yapasa ilie meno yanapoishika. Yetu ilinyumbuka. Chapati zake nyembamba zilikuwa baridi, moja kwa kila mtu.

Sasa, ndugu wanachama, kama tungekuwa wageni wengine tungalimwita meneja tukamlaumu mpishi. Mzee hakufanya hivyo. Aliomba ruhusa akaenda hadi mlango wa jikoni, na mpishi mkuu, Mchina wa makamo aliyelowa jasho, akatoka. Mzee alimsalimu kwa maneno machache ya jikoni aliyoyakumbuka, kisha akaonyesha ishara ya kurusha karai. Mpishi yule alicheka kwanza. Halafu akatikisa kichwa, akageukia jikoni, akainua vidole vitatu.

Dada aliyetuhudumia ndiye aliyetufafanulia. Wapishi waliokuwa saba sasa ni watatu. Wanne waliachishwa kazi mwezi ule ule menyu hii mpya ilipoanza. Fanyeni hesabu: sahani kumi na moja kwa watu wanane ni sahani themanini na nane kwa meza yetu peke yake, na usiku ule meza zilikuwa sita. Tajiri aliongeza kazi mara nyingi na kupunguza mikono kwa zaidi ya nusu, kisha akaweka dhahabu juu ya kamba. Yule Mchina naye ni mfanya kazi kama sisi, tena yuko mbali na kwao.

Ikaja hesabu. Chakula 68,000. Chai birika tatu, 2,400, ambayo hakuna aliyetuambia kuwa inalipiwa mbali. Malipo ya huduma, asilimia kumi, 7,040. Jumla 77,440. Tulimwuliza dada yule kwa sauti ya chini ni kiasi gani cha hizo 7,040 kitamfikia. Alitazama nyuma yake kwanza. Alisema tangu aajiriwe hajapata kuona hata senti.

Tulipungukiwa 7,440. Mweka hazina alikuwa na pesa za sanduku dogo la ofisi, alizokuwa amezitoa mchana kwa ajili ya karatasi na wino wa gazeti hili, na kwa kauli moja ya sisi sote saba alizitumia kumaliza deni. Zilirudishwa Jumatatu saa tatu asubuhi, zote. Hata hivyo zilikuwa pesa zenu, na hatukuwa na haki ya kuzigusa hata kwa usiku mmoja. Waliolalamika walilalamika kwa haki. Mwenyekiti ataeleza mbele ya mkutano, na mkutano ukitaka kuweka kanuni kwamba pesa za sanduku zisitoke ofisini bila ya saini tatu, mhariri huyu atainua mkono wake kuunga.

Lakini tusije tukashughulika na 7,440 zetu tukazisahau 7,040 zao. Mgeni anapolipa malipo ya huduma huamini kwamba anamlipa aliyemhudumia. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, kwamba bakshishi na malipo ya huduma yote yawafikie wafanya kazi, tajiri asikate kitu ila kodi na makato mengine ya kisheria. Sisi twataka neno hilo liandikwe katika mapatano yetu yajayo, pamoja na daftari ambalo mwakilishi wa wafanya kazi ataweza kulifungua kila mwisho wa mwezi. Kamati imekwisha kuandaa barua. Wenye hesabu za hoteli zenu, hata vipande vya risiti, vileteni kwa makatibu wa vituo, na majina yenu hayatatajwa.

Risiti ya usiku ule imebandikwa kwenye ubao wa ofisi, pamoja na hati ya kurudisha pesa.

Mzee anasafiri kwenda kwao Jumapili. Jumamosi saa nane mchana tutamwaga upya katika ua wa ofisi, na kila mwanachama anaalikwa, mchango shilingi mia moja. Kutakuwa na pilau. Tumemwambia aketi, aletewe, naye amekubali, ila amesema karai la nyama asilishike mtu mpaka afike.