Kusema Kiswahili si Kufaulu Ufahamu



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka mbali na bahari yetu. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, amefuatana na mumewe kikazi hadi Luanda Kotieno, bandari ndogo ya Rarieda katika kaunti ya Siaya, pale feri ing'oapo nanga kuelekea Mbita. Binti yake yuko kidato cha tatu katika skuli ya kutwa. Dada atuuliza, na maneno yake yana uchungu: yawaje mwana aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa apate alama 5 kwa 15 katika ufahamu, na mwana wa jirani, ambaye nyumbani kwao husemwa Dholuo, apate 12? Je, mwalimu ana upendeleo?

Swali hili si la dada huyu peke yake. Akina mama wa Malindi, Lamu na Kisauni huliuliza kila matokeo yatokapo. Ndiyo sababu tumeona tulijibu hadharani, na tulijibu kwa insafu. Kabla ya kumtuhumu mwalimu, na kumdhania vibaya Muislamu hakumpasi, natutazame kwanza ni kitu gani kinachopimwa.

Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80. Ufahamu una 15, na muhtasari una 15 nyingine. Karatasi ya tatu nzima, yenye alama 80, ni ya fasihi. Hakuna popote hapo mtahiniwa anapoulizwa kama lahaja yake ni tamu au kama matamshi yake ni ya kimwambao. Aulizwa: umesoma nini, umeelewa nini, na umejuaje? Maswali hayo matatu ni mbali na kusema. Mtu aweza kuwa msemaji hodari sokoni na barazani, na bado asiweze kuionyesha sentensi iliyompa jawabu lake.

Hapo ndipo mwenye lugha huteleza. Mwenyeji wa mji hupita mitaani bila kutazama vibao. Mgeni husoma kila kibao, kwa kuwa akikosea atapotea. Binti yetu hupitisha macho juu ya kifungu, akaona maneno yote ni ya nyumbani, akajiambia amekwisha. Kisha hujibu kwa yale anayoyajua yeye, si kwa yale yaliyoandikwa. Mwana wa jirani kila neno amelipata kwa jasho. Hulipima, huliuliza, hurudi nyuma kulitafuta. Alama zake ni malipo ya kurudi nyuma huko.

Wala tusidhani kwamba mwana huyo alikuja skulini mikono mitupu. Waluo wa ufuo ule wana utamaduni mkubwa wa masimulizi. Hadithi huiita sigana. Zamani watoto walikusanyika usiku katika nyumba ya bi kizee, iliyoitwa siwindhe, na bi kizee huyo, pim, akawasimulia, akawatega vitendawili na kuwafunza adabu. Kutoka Rarieda hiyo hiyo alizaliwa Asenath Bole Odaga, mwanamke aliyezikusanya ngano za kwao na kuziandika. Mwaka 1980 alitoa kitabu alichokiita Thu Tinda, na jina hilo ni maneno ambayo Waluo hufungia hadithi, kama sisi tunavyozifungulia zetu kwa paukwa na pakawa. Mwaka 1982, pamoja na mwenziwe S. Kichamu Akivaga, alitoa kitabu cha kufundishia fasihi simulizi katika skuli za sekondari. Tazameni basi: mambo ya nyumba ya bi kizee yaligeuzwa yakawa somo lenye istilahi zake, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni mama wa ufuo ule ule ambao dada yetu sasa anaishi.

Somo kwetu ni hili. Istilahi za fasihi si bidhaa za kigeni. Ni majina tu ya mambo ambayo mtoto huyasikia nyumbani tangu utotoni. Na sisi wa mwambao tuna fadhila ya ziada, kwani mengi ya majina hayo yametoka katika Kiarabu, na watoto wetu huyapita madrasani kila siku wasiyatambue. Fasihi ni ndugu wa fasaha. Tashbihi ni kufananisha: mama asemapo nyumba imetulia kama msikiti baada ya isha, ametumia tashbihi. Akiliondoa neno "kama", akasema mwanangu ni taa ya nyumba hii, hiyo ni sitiari. Tashihisi imetokana na neno shakhsi, yaani mtu: ni kukipa kitu kisicho uhai tabia ya mtu, kama kusema bahari imekasirika. Takriri ni kukariri neno kwa kusudi la kulitilia mkazo. Tanakali ni sauti ya kitu chenyewe: jiwe limetumbukia majini, chubwi! Na mtoto anayesoma kasida za maulidi keshajua vina na mizani kwa sikio, bali hajaambiwa kwamba mizani za ushairi huhesabiwa kwa silabi.

Yapo maneno mawili yanayotaka hadhari. La kwanza ni hadithi. Madrasani neno hili lina utukufu wake, ni mapokezi kutoka kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Skulini hadithi ni masimulizi yoyote, hata ya sungura na fisi. Mtoto aelezwe tofauti hiyo mapema, asije akachanganya yenye sanadi na ya kubuni. La pili ni kinaya. Katika elimu ya balagha ya Kiarabu, kinaya ni kulitaja jambo kwa kutumia jingine linaloambatana nalo. Katika fasihi ya Kiswahili ni jambo kutokea kinyume cha lilivyotarajiwa, kama mwizi kuibiwa. Mwanafunzi aliyeliokota neno hili kwa ustadhi wake akaliandika vile vile katika mtihani wa Kiswahili atakosa alama, ilhali hakukosa elimu.

Lakini kuhifadhi istilahi peke yake hakutoshi. Wako watoto wanaoweza kutaja maana ya tashihisi kama wasomavyo Alhamdu, na wakiwekewa kifungu wasiione. Kwa hiyo nawaletea kifungu kifupi, nimekitunga kwa mazingira ya dada yetu. Msomeni na watoto wenu:

"Kulipokucha, taa zilizomeremeta ziwani usiku kama nyota zilizoanguka majini zilikuwa zimezimwa, na mashua zikaja ufuoni zimelemewa. Wanawake wakaanza kuanika dagaa. Mama mmoja, aliyekwisha kutandaza nyavu zake mchangani, aliinua kichwa akaitazama milima ya ng'ambo, akanyamaza. Ziwa lilikuwa limenuna. Alizikunja nyavu zake, akamwita mwanawe alete turubai."

Swali la kwanza: mambo haya yalitokea wakati gani? Jawabu limo wazi, ni kulipokucha. Swali la pili: neno "zimelemewa" lina maana gani hapa? Mtoto mwenye haraka atasema zimeshindwa. Aliyetulia atasema zimejaa samaki, kwa sababu baada yake tu dagaa waanikwa. Hiyo ndiyo maana ya neno kulingana na muktadha. Swali la tatu: iko wapi tashbihi, na iko wapi tashihisi? Taa zimefananishwa na nyota. Ziwa limepewa kununa, na kununa ni kwa binadamu.

Swali la nne ndilo linalowaangusha wengi: kwa nini mama yule alizikunja nyavu? Kifungu hakikutaja mvua hata mara moja. Mtoto mmoja atajibu kwamba alichoka, mwingine kwamba aligombana na wenziwe. Hayo wameyatoa vichwani mwao. Lakini mama alitazama milimani akanyamaza, ziwa limenuna, turubai laitwa: dalili tatu, zote zaelekea mvua, na dagaa wakinyeshewa huharibika. Kuzikusanya dalili na kutoa hukumu bila kuongeza cha pembeni, huko ndiko kufahamu. Kisha mwulizeni mtoto, mama huyu ana sifa gani? Akijibu "ni mwangalifu", msimwachie hapo. Mwambieni, nionyeshe neno lililokuambia hivyo.

Nasi Waislamu tuna mfano mkubwa kuliko huo. Wala hatusemi kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni riwaya, hasha. Lakini katika kisa cha Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, ambacho Qur'ani yenyewe imekitaja miongoni mwa visa vilivyo bora, kanzu inatajwa katika mambo matatu. Mara ya kwanza imepakwa damu ya uongo, na wafasiri wametaja kwamba kanzu ile haikuwa na mpasuko, na ndivyo Nabii Yaaqub alivyotambua hila ya wanawe. Mara ya pili imechanwa, na shahidi akasema itazamwe imechanwa wapi: ikiwa mbele, mwanamke asema kweli, ikiwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Mara ya tatu yapelekwa kwa baba mzazi, na macho yake yarudi kuona. Shahidi yule hakuhukumu kwa cheo cha mtu wala kwa kilio. Alisema itazamwe dalili, na dalili ikanena. Mtoto aliyefunzwa kukisoma kisa hiki kwa mazingatio hatababaishwa na swali la "umejuaje?"

Jambo hili lapita mtihani. Mabinti zetu kesho watawekewa mbele yao mikataba ya mikopo, karatasi za urithi, maelezo ya dawa, na watatakiwa watie sahihi. Wangapi wametia sahihi kwa sababu maneno yote waliyajua, ila maana hawakuipata? Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utenzi mwaka 1858, naye alijua kwamba wosia haufai kitu kwa mtoto asiyeweza kuusoma akauelewa.

Basi, dada yetu, nasaha yetu ni hii. Kila usiku baada ya isha, mpe binti yako robo saa. Asome aya chache za kitabu chochote cha adabu, kisha akufumbie kitabu na kukueleza kwa sentensi mbili. Huo ndio muhtasari. Mwulize maswali mawili, na kila jawabu alionyeshe lilipo kwenye maandishi. Atafute tamathali moja aitaje kwa jina. Na mwite mwana wa jirani aketi naye. Huyo ajifunze utamu wa matamshi kwa binti yako, na binti yako ajifunze kwake subira ya kulipima neno. Jirani ana haki, na elimu haipungui kwa kugawanywa.

Na mama asiyejua kusoma asijitoe. "Umejuaje?" ni swali lisilohitaji kalamu, na ndilo mwalimu atakalouliza.

Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa na fahamu iliyo sawa. Amin. Wabillahi tawfiq.