FUNDI ASIYEWEZA KUELEZA KAZI YAKE



Watoto wetu wengi wametoka vyuoni na vyeti vizuri vya umeme na kompyuta, na bado wako nyumbani bila kazi. Si kwamba ufundi hawaujui. Mwajiri akiuliza, "Mtambo ukizimika utaanzia wapi?" wao hutaja majina ya vitabuni tu, au hunyamaza.

Sisi wa Reli twajua uzito wa maneno. Amri ya kuruhusu gari la moshi ikitolewa kwa redio, anayeipokea huirudia neno kwa neno, ndipo gari huondoka. Kwa marubani mambo ni yale yale. Mwaka 1977 kule Tenerife ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani, wakafa watu 583. Rubani aliyeanza kuruka kabla ya ruhusa alikuwa stadi wa miaka mingi, lakini yeye na mwongoza ndege hawakuelewana katika maneno machache ya redio.

Basi kijana ajizoeze. Amweleze mama yake alipata kosa gani katika mashine, alilitafuta vipi, akalitengeneza vipi, mpaka mama aelewe. (Mama akisinzia, aanze tena.)

Waajiri nao tunawaambia: kueleza kazi si kusema Kiingereza cha puani. Katiba ya 2010 imekiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kijana anayeeleza sawasawa kwa Kiswahili kwa nini fyuzi inaungua asirudishwe mlangoni. Mwanachama ambaye mtoto wake amerudishwa hivyo amwone katibu wa tawi lake.