Boda Boda si Neno la Kuonea Haya

Barazani kwetu Mombasa, baada ya sala ya alasiri, mzozo haukosekani. Juzi ulikuwa wa neno moja tu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye simtaji kwa kuwa ni rafiki yangu na kahawa tunakunywa pamoja, aliapa kwamba hatalitia neno "boda boda" kinywani mwake hadi aingie kaburini. Kwa kauli yake hicho ni Kiingereza kilichovunjika mguu, na Mswahili anayejijua aseme "mpaka", basi. Wenziwe wakaitikia. Mimi nikaweka kikombe chini nikawauliza: je, kati yenu yupo aliyepata kuuvuka mpaka wa Busia au wa Malaba kwa miguu yake? Kimya. Basi ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nilifika Busia mara ya kwanza mwaka 1984, nikienda harusini Iganga kwa wakwe wa ndugu yangu. Kutoka pwani nilipanda basi, nikabadilisha Nairobi, nikabadilisha tena Kisumu, na kila kituo nikijiambia kuwa basi litanifikisha. Lo! Likatushusha upande wa Kenya, utingo akarusha mizigo chini, akasema, "Mwisho hapa." Mbele yangu palikuwa na kizuizi, nyuma ya kizuizi kipande cha ardhi kisicho cha huku wala cha kule, na ng'ambo yake ndiko waliko maofisa wa Uganda. Nami nina sanduku la nguo na kikapu cha halua na tende, na jua limekwisha kupanda.

Ndipo nilipowasikia. Vijana walikuwa wamejipanga na baiskeli zao nyeusi, zile nzito za chuma, nyuma kwenye keria wamefunga mto wa sponji ulioshonewa kitambaa cha maua, nao wanaita: "Boda, boda! Boda, boda!" Yaani, nakutoa mpaka huu nakufikisha mpaka ule. Kazi hiyo haikuanza siku ile. Ilikuwako tangu miaka ya 1960 na 1970. Mmoja akaniambia, "Bwana, panda, shika hapa chini ya kiti." Sanduku likachukuliwa na mwenziwe. Akasimama juu ya pedeli, akapenya kati ya mikokoteni na akina mama wenye ndizi vichwani, huku akiamkiana na watu kwa Kikhayo, kwa Kisamia, kwa Kiteso, na mimi akinisemesha kwa Kiswahili. Ngeli zilikuwa zikimpiga chenga, sikatai, lakini nilimwelewa naye akanielewa, na kikapu cha halua hakikumwagika.

Sasa turudi kwa mwalimu wangu. Yeye huita "baiskeli" na "basi" bila kutema mate, hula mezani na kujifuta kwa leso, na "meza" na "leso" ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Kwa nini mlango ufungwe anapofika mtu wa Busia? Neno lake halikutungwa na kamati. Limetoka kwenye mdomo wa kijana anayetafuta abiria mahali ambapo basi limeshindwa kupita. Wazee wetu wa misafara, katika karne ya 19, walifika mpaka kwa Nabongo Mumia, si mbali na hapo, wakaiacha huko dini yetu na lugha yetu. Nao walikwenda kwa miguu. Kiswahili kilikwenda bara kwa miguu, neno moja likarudi pwani kwa baiskeli. Mimi sioni hasara. Leo linasemwa Kampala, linasemwa Dar es Salaam, na hata Lamu, mji wa punda, pikipiki zimeingia na jina hilo hilo. Na huyo mwalimu, mvua ya juzi ilipomkuta njiani, alisimamisha nini? Nisimseme zaidi.

Mwaka 2019 nilipita tena pande zile, safari hii kwa Malaba, nikimpeleka mpwa wangu Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, kile kilichofunguliwa mwaka 1988. Malaba si Busia. Pale inapita reli, na malori yaliyotoka bandarini kwetu Kilindini, zaidi ya kilomita 900 nyuma, hupanga foleni ambayo mwisho wake huuoni. Basi letu likaganda nyuma yake. Mtu akibaki kitini hapo atasali adhuhuri na alasiri njiani. Tukashuka. Pikipiki zikatuzunguka, lakini binti akaona haya kubanana mgongoni kwa mwanamume asiyemjua, nami sikumlazimisha. Tukatembea na kulipita basi. Isitoshe, utaratibu wa sasa ni kwamba anayetoka Kenya hugongewa mihuri yote miwili upande wa Uganda, ofisi za nchi zote mbili zikiwa chini ya paa moja. Na tangu 2014 Mkenya hupita kwa kitambulisho chake tu. Mwenye miguu, kwa hiyo, hana haja ya kungoja basi.

Kurudi nilipita Busia peke yangu. Kituo kipya cha pamoja, kilichozinduliwa mwaka 2018, ni kizuri, sina neno. Lakini nilisimama nikatazama wale ndugu wenye ulemavu wa miguu, wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, magunia yamewazidi kimo. Wanapenya kati ya malori na uzio, hawana njia yao. Mhandisi aliyepima upana wa lori ashindwe kupima upana wa magurudumu matatu? Nathubutu kusema hilo ni deni, na serikali zote mbili zinadaiwa. Mpaka ule umelishwa na watu hawa miaka yote, hata baada ya Desemba 1987, majeshi ya nchi hizi mbili yalipofyatuliana risasi pale pale Busia.

Baiskeli zenyewe zimepungua mno. Tangu Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wamehama. Lakini nilimpata mmoja, mtu mzima mwenye mvi, mto wake bado una maua. Nikamwambia anifikishe msikitini. Alipanda kilima kidogo akihema, nami nikajiona mzito kwa aibu, nikataka kushuka, akakataa. Njiani akaniuliza nimetoka wapi.

"Mombasa," nikasema.

"Na huko baharini mnaita hizi nini, mzee?"

Nikamwambia tunaita boda boda. Alicheka hadi baiskeli ikayumba, akasema basi hapo ameongeza shilingi ishirini.

Nilimlipa.