Kunasa si Kudukua: Deni la Wana-Kiswahili kwa Wakazi wa Ziwani

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Katika mtaa wa Ziwani, Eastlands jijini Nairobi, intaneti imekuwa hitaji la kila siku kama maji na umeme. Majirani huchangia ruta moja, mwanafunzi hutuma kazi yake ya chuo, na mfanyabiashara huagiza bidhaa bila kuondoka dukani. Hata hivyo, mkazi akiuliza ni nani awezaye kuona anachotuma, jibu analopewa kwa Kiswahili aghalabu ni neno moja tu: wadukuzi. Neno hilo humtia hofu pasipo kumpa maarifa. Hoja ya makala hii ni kwamba zana za kumwondolea mkazi huyo giza zipo, tena ni huria. Kinachopungua ni istilahi za kuzielezea, na hilo ni deni letu sisi wana-Kiswahili.

Zana zenyewe si ngeni. Mwaka 1988 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani waliunda programu iitwayo tcpdump, ambayo hunasa data inayopita mtandaoni na kuionyesha kwa maandishi. Mwaka 1998 Mmarekani Gerald Combs alitoa programu aliyoiita Ethereal, ambayo tangu mwaka 2006 inajulikana kwa jina la Wireshark. Yeyote anaruhusiwa kuzichukua programu hizi, kuzitumia, kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Katika jambo hili Kiswahili kimekipiku Kiingereza. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, hata watetezi wa programu hizo hulazimika kujieleza kila mara. Sisi tuna 'bure' na tuna 'huru', na kutokana na 'huru' tukapata 'huria'.

Je, programu hizi hufanya nini? Mwanafunzi wa isimu hana haja ya kutishika. Data husafiri ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo, navyo tunaweza kuviita pakiti, neno ambalo kila mnunuzi wa maziwa analijua. Kila pakiti ina muundo. Tuchukue kitenzi 'hatutawaandikia': kina viambishi awali vinne, yaani ha-, tu-, ta- na wa-, kisha mzizi -andik-, halafu kiambishi -i- cha kauli ya kutendea na kiishio -a. Pakiti nayo hutanguliwa na anwani za vifaa vinavyopokezana data humo nyumbani, kisha anwani za tarakilishi inayotuma na inayopokea, kisha nambari za milango ya programu zinazohusika, na mwishoni mzigo wenyewe. Wireshark huipasua pakiti tabaka kwa tabaka na kutaja kazi ya kila sehemu. Kazi hiyo tumeifanya miaka mingi darasani, nasi huiita uchanganuzi.

Kwa hiyo, napendekeza tutenganishe vitendo vinne. Kunasa ni kuchukua nakala ya pakiti zinazopita. Kuchuja ni kubakiza zile tu zinazohitajika. Kuchanganua ni kueleza muundo na maana yake. Kudukua ni kuingilia mfumo au mawasiliano ya mtu bila idhini yake. Na jumla ya data inayopita mtandaoni tuiite mapito ya data, maana neno 'trafiki' huku kwetu tayari ni askari wa barabarani.

Kutenganisha huku si mchezo wa maneno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu faragha, ikiwemo ya mawasiliano yake. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inaharamisha kunasa data ya wengine bila idhini. Msichana wa Ziwani anayenasa pakiti za ruta yake mwenyewe ili ajue kwa nini mtandao unakwama hana hatia. Jirani anayenasa za wenzake kwa siri amevunja sheria. Wote wawili tukiwaita wadukuzi, tumemwonea wa kwanza na kumfichia wa pili. Aidha, mkazi anastahili kujua kwamba tovuti ikisimba data yake, mzigo hausomeki kwa anayenasa, ingawa anwani hubaki wazi. Ni kama barua iliyo ndani ya bahasha: tarishi husoma jina la mpokeaji, bali yaliyomo hayaoni.

Historia inatufunza hasara ya kutoyafuatilia mapito. Kabla ya kuwepo kituo cha kubadilishana data cha KIXP jijini Nairobi, barua pepe baina ya wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti humu humu jijini ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti kabla ya kurudi. Kituo hicho kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na wasimamizi wa mawasiliano baada ya majuma machache tu, kisha kikaanza kazi tena mwaka 2002. Mtumiaji wa kawaida alilipia mzunguko huo asiujue, wala hakuwa na maneno ya kuuulizia.

Wapo watakaosema kwamba istilahi zinazobuniwa vyuoni huishia kabatini. Hofu yao ina msingi, kwani mpaka leo tungali tunavutana baina ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Lakini dawa ya istilahi kufia kabatini ni kuzitumia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria. Na tazama jirani wa Ziwani: Kariokor ni jina waliloliunda wananchi kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Halikupitishwa na kamati yoyote, nalo lingali hai.

Basi chama chetu kiketi na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, wafungue Wireshark kwenye mtandao wao wenyewe, na watunge kijitabu chepesi cha Kiswahili. Kisha kijitabu hicho kijaribiwe Ziwani. Neno litakalowashinda wakazi lifutwe, na watakalolibuni wao lipokewe. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mwananchi kinachopita katika waya wa nyumba yake ingali ina deni. Shime, tulilipe.