Deni la 0.00 ni deni gani?

Umemaliza kulipa deni dukani, SMS ya kuthibitisha unayo, halafu apu ya duka inakwambia bado una baki la 0.00. Wengine hudhani wameibiwa, wengine hulipa tena ndiyo yaishe. Huenda hakuna mwizi hapo. Kuna programu iliyoandikwa vibaya.

Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, si kwa kumi kumi kama sisi. Wewe ukigawa 1 kwa 3 unaandika 0.333 mpaka uchoke, na haiishi. Kompyuta nayo hupata taabu hiyo hiyo na 0.1, kwa hivyo huikadiria. Ndiyo maana katika Python au JavaScript 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Ukiuliza kama hiyo ni sawa na 0.3, jibu ni la. Mashine haijaharibika. Kanuni hiyo ya kuandika namba, IEEE 754, ilitoka 1985, na anayeandika programu za pesa hana kisingizio cha kutoijua.

Chukua mtu anayelipa shilingi moja kwa senti kumi kumi, mara kumi. Jumla inatoka 0.9999999999999999. Programu ikiuliza "imefika 1?" inajibiwa bado. Na wewe kwenye skrini unaona 1.00, maana skrini inaonyesha desimali mbili tu! Hapo mtabishana na mwenye duka hadi jioni.

Kuna wanaosema programu isiulize "ni sawa?" bali "inakaribia?" Kwa kupima joto au uzito wa mahindi, sawa. Kwa pesa sisi hatukubali. Ukishaacha mwanya wa senti moja kwa kila malipo, senti iliyopotea kweli itapita hapo hapo. Pesa ihesabiwe kwa senti nzima: shilingi 4.35 iandikwe 435 tangu mwanzo, desimali ije tu wakati wa kumwonyesha mteja. Tusingoje kugeuza baadaye, kwa sababu 4.35 mara 100 hutoka 434.99999999999994, na programu inayokata mkia itaandika 434. Senti yako imeenda.

Ukiona baki la 0.00, usilipe tena. Weka ile SMS, piga picha ya skrini, umwulize mwenye duka kama mfumo wake unahifadhi pesa kwa senti nzima au kwa desimali. Asipoelewa swali, mwambie amfikishie aliyemtengenezea apu.